Siku Niliyowanawisha Akina Mama kwa Supu

Jamani, aibu hii nilitaka niende nayo kaburini, lakini kwa kuwa Mwajuma ameshaisimulia Kariakoo nzima, na kila akiisimulia anaongeza chumvi, bora mnisikie mwenyewe, maana mimi angalau nitaipunguza. Ni kweli. Mimi Zuhura, ninayejiita mwenyeji wa Guangzhou, nimewanawisha watu wazima mikono kwa supu, tena mbele za watu, tena nikiwaambia kwa sauti ya mwalimu kwamba ndiyo desturi ya Vietnam.

Kazi yangu hapa ni kupokea wafanyabiashara wanaotoka nyumbani, nawazungusha Zhanxi kwenye viatu na Guangyuan Xilu kwenye nguo, nawatafsiria, nagombana na malaoban, mabosi wa maduka, kwa niaba yao, halafu nahakikisha mzigo umefungwa. Sasa wakaja akina mama wanne wa Kariakoo, huyo Mwajuma akiwa mmoja wao, kiongozi wao Bi Rukia, mama wa makamo mwenye duka la viatu, haongei sana ila akikutazama unajikuta unarekebisha mtandio. Walikuwa wamesikia viatu vingi siku hizi vinashonwa Vietnam, wakataka wakimaliza China wavuke wakajionee viwanda kwa macho, na walikuwa wanatafuta mtu wa kuwaongoza. Mimi niliitaka kazi ile kuliko wao walivyonitaka mimi (biashara ilikuwa imelala, siku hizi mteja anaagiza kwa simu akiwa kitandani kwake Magomeni), na palikuwa na wakala mwingine, kijana wa nyumbani vilevile, mtu wa suti na marashi, ndiye aliyewahudumia safari iliyotangulia, naye alikuwa anaizengea kazi hiyohiyo.

Basi tuko kwenye lifti, Bi Rukia ananiuliza, huko Vietnam Mwislamu anakula nini? Swali dogo tu, na jibu la kweli lilikuwa fupi: Vietnam nimekwenda mara moja, na kwa woga wa nguruwe nikaishi kwa mayai, mkate na ndizi mpaka nikarudi. Ningesema hivyo yangekwisha. Lakini mimi nina mdomo, na mdomo wangu ulikuwa umeangalia video nyingi za wasafiri. Nikaanza kumwaga: Hai Phong mtakula tambi za kaa, Hue kuna wali wa kombe wadogo wadogo wenye pilipili ya kutoa machozi, Da Nang supu ya tambi na kababu za samaki, ukishuka chini kuna chapati nyembamba ya kamba, unaifunga kwenye majani unachovya, barabarani kuna ule mkate waliorithi kwa Wafaransa, nikazungumza utadhani nimeachishwa ziwa huko. Lifti ikafunguka, ikajifunga, hakuna aliyeshuka. Nikaona nimewashika, nikaongeza neno ambalo ndilo lililoniponza: kwani tusubiri nini, kuna mama wa Kivietnam hapahapa mjini, kesho mchana nawapeleka mkaonje.

(Huyo mama sikuwa namjua. Nilikuwa nimeona kibao chake tu nikipita.)

Asubuhi nikampigia simu, na hapa nijitetee, kitu kimoja nilikifanya sawasawa: nikamuuliza kwa Kichina kuhusu nguruwe mpaka akachoka, akaniambia jiko lake ni la vitu vya baharini tu, wazazi wake walikuwa wavuvi Quy Nhon na nyama hajui hata kuipika. Nikamwambia basi tuandalie unachojivunia. Sikumuuliza ni nini, wala kinaliwaje. Mtaalamu atauliza nini?

Tukafika. Kisehemu kidogo, meza zimebanana, pamejaa. Meza ya jirani walikaa vijana wa Kichina, na kama mnavyojua watu wa mji huu, kabla ya kula wanamimina chai ya moto kwenye vibakuli na vijiti, wanavisuuza, maji machafu wanayamwaga kwenye bakuli kubwa katikati. Akina mama wakashangaa, wakaniuliza. Nikawaeleza vizuri kabisa, nikaona Bi Rukia anatikisa kichwa kwa kuridhika, na sifa zikanipanda.

Hapohapo mwenye mgahawa akaja, mama mfupi mwenye aproni ya maua, akatuwekea mezani bakuli pana la bati linalong'aa. Ndani maji maangavu, vuguvugu, yanaelea vipande vya ndimu na mabua ya mchaichai. Pembeni akaweka tishu. Akarudi jikoni.

Sasa niambieni nyinyi, watu wa pwani, mmekaa mezani mnasubiri samaki, unaletewa bakuli pana la maji vuguvugu yenye ndimu, na tishu pembeni. Utafanyaje? Mimi sikufikiri hata kidogo. Nikawaambia, mnaona sasa, Wachina wanaosha vyombo, lakini wenzao wa Vietnam ni kama sisi, wanaanza na mikono, na ndimu ile ni ya kukata shombo. Nikamsogezea Bi Rukia kwanza, kwa heshima yake. Akanawa taratibu mpaka kwenye viwiko, akasema kumbe hawa ni watu wastaarabu. Wakafuata wenzake. Mwajuma, ambaye alikuwa ametoka kushika viatu vya sampuli tangu asubuhi, akasugua na kucha. Mwisho mimi, nikayakamulia na kipande cha ndimu, eti nawaonyesha.

Yule mama akarudi na sahani ya samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba kama karatasi, amepangwa kwa madaha. Akatazama bakuli. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akatutazama mikono. Kwenye meza ya vijana mmoja akainua simu juu (na nina hakika mpaka leo nazunguka humo mitandaoni bila kujijua). Ndipo yule mama akaniambia kwa Kichina, polepole, kwa upole ambao uliniumiza kuliko angenitukana, kwamba ile ni supu, wao samaki wanamtumbukiza humo mezani, akiiva wanamfunga na majani.

Nikaficha mikono yangu chini ya meza. Na katika ule msiba nikakumbuka kitu kimoja, kwamba pale mezani Kichina nakijua mimi peke yangu.

Bi Rukia akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema maji yameshachafuka, anatuletea mengine."

Mungu anisamehe, lilitoka lenyewe. Bakuli likaondoka, likaja jingine, maji maangavu yaleyale, ndimu ileile, ila safari hii yule mama (hakuwa mjinga) aliliweka juu ya jiko dogo la gesi katikati ya meza akawasha moto palepale, akasimama karibu analilinda. Mwajuma akauliza kwa nini wanachemsha maji ya kunawa. Nikasema tangu ule ugonjwa wa corona wamekuwa waoga, wanachemsha kila kitu. Mwingine akauliza sasa tutanawaje maji yanayochemka. Nikasema yatapozwa. Nilikuwa nazama huku nachimba.

Bi Rukia alikuwa anaitazama mikono yake. Alikuwa anavikutanisha vidole vyake na kuviachanisha, anavikutanisha na kuviachanisha, vinanata. Akavinusa. Halafu, mbele yetu sote, mama yule mtu mzima akaweka kidole kimoja ulimini.

"Zuhura," akasema, "haya ni madafu."

Nikalitazama lile bakuli.

"Madafu, na siki, na chumvi. Mimi nimezaliwa Mafia, mwanangu. Nani ananawa mikono kwa madafu?"

Na yule mama, kana kwamba alikuwa anasubiri zamu yake, akachukua vijiti akatumbukiza kipande cha samaki kwenye maji yangu ya kunawa. Kikageuka cheupe. Kikaiva.

Mwajuma ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka ushungi ukamwangukia mabegani, wenzake wakafuata, na Bi Rukia hakucheka. Nikashika simu. Nia yangu ilikuwa kusimama nijifanye nimepigiwa kutoka bandari ya Nansha kuhusu kontena, nitoke nje, nikamate metro, nibadili laini na nihamie mji mwingine. Nikasimama kweli. Lakini nikakuta miguu inanipeleka jikoni, sijui kwa nini, labda kwa sababu mlango wa nje ulikuwa upande wa wale vijana wenye simu.

Nikamwambia yule mama, "Laobanniang, duibuqi, samahani bosi. Wale wageni hawana kosa. Mimi ndiye niliyewaambia wanawe." Akaniuliza kwa nini wanawe. Nikamwambia kwetu tunakula kwa mkono, na mtu akikaa kwenye sahani bila kunawa hata mtoto mdogo atamsema. Akasimamisha mwiko. Akaniuliza, kwa mkono, hata kaa? Nikasema kaa ndiyo usiseme, kaa kwa vijiti ni kumdhulumu. Akaniangalia hivi, akaniambia nirudi nikakae.

Nilirudi, nikasimama mbele ya meza, nikasema yote. Supu ilikuwa supu, maji hayakuchafuka, hakuna anayechemsha maji kwa ajili ya corona, na Vietnam nimekula mayai. Nilisema haraka, macho kwenye kitambaa cha meza. Nilipoinua macho, kaa walikuwa wamewasili.

Enyi watu. Sinia zima. Kaa wekundu wamezungushwa kwenye rojo nyeusi inayong'aa, na harufu ilipotufikia sote tulitazamana, maana ilikuwa ukwaju. Ukwaju wa nyumbani kabisa, na kitunguu saumu, na pilipili. Pembeni kombe wa kuchemshwa kwa mchaichai, na ile chapati ya kamba niliyokuwa naihubiri kwenye lifti, ina manjano na tui la nazi ndani, inalia chwaa. Akaleta na konokono wa bahari, hao tulimrudishia kwa heshima. Halafu akaliondoa boksi la glavu za plastiki lililokuwa mezani, zile ambazo kila mtu mji huu anavaa akila kamba, akalitupa kaunta, akatuonyesha mikono yake mitupu.

Hatukuambiwa mara mbili. Bi Rukia alikunja mikono ya baibui, akashika gando, akalivunja kwa meno mara moja, nyama ikatoka nzimanzima kama imevuliwa koti. Mwenye mgahawa akapiga makofi. Akavuta kiti akakaa na sisi, akashika gando lake, wakaanza kushindana, hawana lugha moja lakini kila mmoja anamwonyesha mwenzake pa kugonga, na kila likipasuka wanacheka pamoja. Mwajuma akamfundisha kufyonza miguu ile myembamba. Yeye akatufundisha kumfunga samaki kwenye kikaratasi kinacholiwa cha unga wa mchele, pamoja na nanaa na ndizi mbichi (ndiyo, ndizi mbichi, na inakubali), tukachovya, tukatumbukiza wengine kwenye ile supu, na naapa supu ile ilikuwa tamu, nikaihuzunikia ile ya kwanza. Wale vijana wa Kichina wakatuangalia weee, mwisho mmoja wao akavua glavu zake, akalamba vidole, na wenzake wakavua. Nilijihisi nimeshinda uchaguzi. Kama kuna siku bendera ya Tanzania ilipepea ndani ya mgahawa bila kuwepo bendera, ni siku ile.

Lakini kazi bado sijaipata, hilo nilikuwa nalijua. Tulipotoka nje, wenzake wametangulia, Bi Rukia akanishika mkono akanisimamisha pembeni, mikokoteni ya mizigo ikitupita.

"Yule kijana wa suti," akasema, "aliniambia mzigo wetu umeshapanda meli. Aliniambia hivyo kila siku, hakupepesa jicho, na mzigo ulikuwa umelala Nansha. Wewe leo umeongopa mara tatu, na mara zote tatu shingo imekutoka jasho na sauti imepanda kama ya muuza dawa. Nilijua kabla sijalamba kidole." Akafungua mkoba, akatoa pasipoti zao zote nne, akanikabidhi. "Nimeshasafiri na mtu anayejua kuongopa. Safari hii nataka asiyejua."

Basi ndiyo nimeapa. Nikiulizwa chakula nisichokijua, nasema sikijui. Na si kwamba nimekuwa mwema, ni kwamba nimeambiwa na mtu mzima kuwa kipaji sina.