Mama Yetu wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kaka yangu Djafari amefundisha filozofia hapa Kasongo miaka ishirini na sita, na mimi Mounira, niliyeiachia shule njiani, nawajua wanafilozofia wa Ulaya kuliko wengi wa wanafunzi wake. Alikuwa akiandaa masomo uani huku mimi natwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuweza kuandika bila kusema kwa sauti. Majina yao yalinishinda, kwa hiyo niliwapa ya kwangu. Kulikuwa na Mwingereza wa Woga, aliyeamini kwamba ukiondoa serikali watu watatafunana kabla jua halijatua. Kulikuwa na yule wa Geneva, aliyesema mtu huzaliwa na moyo mwema, na kwamba uharibifu ulianza siku mtu alipozungushia shamba ua na kusema hili ni langu. Kulikuwa na Mjerumani aliyetangaza kifo cha Mungu. Huyo, Djafari alimfundisha saa tano, na saa saba alikuwa msikitini, safu ya kwanza kama kawaida. Nilipomtania alinijibu kwamba mwalimu haogopi wageni anaowakaribisha mwenyewe darasani.

Mwingereza ndiye aliyemuudhi kweli. Kila mwaka alimjibu kwa mfano mmoja tu, wa mama yetu.

Mama aliuza samaki wakavu sokoni Nyangwe. Wakati wa vita, siku watu walipokimbia, polisi walitangulia na chifu akafuata. Mama aliacha fungu lake la samaki mezani, akalifunika kwa mkeka na kuweka jiwe juu. Kwa siku kumi na moja Nyangwe haikuwa na serikali yoyote. Aliporudi hakukuta samaki hata mmoja. Chini ya mkeka kulikuwa na furushi la chumvi na kitenge kilichokunjwa vizuri, na jiwe lilikuwa limerudishwa mahali pake. Mpaka leo hatujui ni nani aliyelipa. Djafari alikuwa akiwauliza wanafunzi Mwingereza angesema nini hapo, na walibishana mpaka kengele ikalia.

Gérard alikuja kwetu kutoka Wamaza akiwa na miaka kumi na minne. Kule ni mbali, na mzazi anayetaka mtoto wake amalize sekondari humtafutia nyumba ya kukaa mjini. Wao Wakristo, sisi Waislamu, na hilo halikumsumbua mtu. Mtoto akishakula kwenu mwaka mzima, ni mtoto wa nyumba. Yeye alikula minne. Mama, aliyekuwa amezeeka na kuhamia kwetu, alimwekea kichwa cha samaki, ambacho mimi niliyetoka tumboni mwake sikuwahi kupewa. Habari ya mkeka na jiwe Gérard aliisikia kwa mdomo wa mwenyewe.

Alipomaliza alikwenda Kindu kuendelea na masomo. Baada ya miaka mingi akarudi na kompyuta na wazo. Angechukua madaftari ya kaka, yote tisa, ayapige chapa, kitoke kitabu cha shule chenye jina la Mwalimu Djafari. Kila somo mle ndani lilikuwa na muhuri wa prefe, mkuu wa shule, na nakala nyingine haikuwapo. Nilimwambia kaka waandikiane karatasi. Alinitazama kama mtu aliyetemea mate chakula.

"Mounira, mutoto wa nyumba haandikiwe karatasi," alisema. "Ukimuandikia, umemufukuza."

Nikaona haya, nikanyamaza, na Gérard akaondoka na madaftari yote tisa. Leo najuta kunyamaza.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Tulimpigia Gérard simu mara tatu. Alisema barabara ni mbaya. Hakuja kwenye kilio, wala kaburini, ambako kwetu mwana ndiye huingia kumpokea mama yake.

Oktoba iliyopita binti yangu Feza, aliye darasa la mwisho, alirudi na kitabu kipya cha filozofia ambacho prefe ameagiza wote wakitumie. Nilikuwa nachagua mchele, nikamwomba anisomee kidogo, Kifaransa anigeuzie. Mwingereza wa Woga, huyo hapo. Kisha ukurasa wa arobaini na moja: "Mama yangu aliuza samaki sokoni Nyangwe." Feza aliendelea mpaka kwenye jiwe, sauti ikizidi kupungua. Nikamuuliza ni nani ameandika. Akanigeuzia jalada. Gérard, jina zima, na picha yake amevaa tai. Nikamtuma atafute jina la mjomba wake hata kwenye shukrani. Halikuwapo.

Djafari hakutaka kuamini. Alisema huenda wachapaji wamekosea. Wachapaji gani hao wanaokosea mama wa mtu?

Wiki ile ile Gérard alikuja na pikipiki kuleta vitabu vingine, tukamkuta mbele ya ofisi ya prefe. Alitusalimia kwa heshima zote. Kaka alimuuliza taratibu madaftari yako wapi.

"Yaliloana, Mwalimu. Nyumba ilivuja."

"Na jina langu?"

"Mwalimu, ni weye ulitufundisha ya kwamba wazo haliko na mwenyewe. Ulisema haiko mbuzi ya kufunga na kamba."

Kaka alisema hivyo kweli, nilimsikia mwenyewe mchi ukiwa mkononi. Ndipo nikauliza mimi: "Na mama yetu, Gérard?"

"Shangazi, alinilisha miaka ine. Aliniita mwana wangu. Sasa miye niandike ni mama ya nani?"

Nilitaka kumzaba kibao. Kilichonishika mkono ni kwamba mama alimwita hivyo kweli, tena kwa mapenzi. Prefe alikuwa amesikia yote mlangoni. Alisema bila karatasi yeye hana la kufanya, na mwaka umeshaanza: kaka afundishe kwa kitabu kile, au somo apewe mwalimu mwingine.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Karibu na soko Djafari akasema, bila kunitazama, kwamba labda miaka yote hii Mwingereza ndiye aliyesema kweli. Neno hilo liliniuma kuliko kitabu chenyewe. Samaki wa mama walichukuliwa na watu wenye njaa, katikati ya vita, na watu hao wakalipa. Huyu wetu tulimshibisha.

Nilimwambia aache kazi. Alijibu kwamba watoto wako na mtihani.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Feza. Siku ya somo la Mwingereza, mjomba wake alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akasoma kama ulivyoandikwa, neno kwa neno, "mama yangu" akiisoma kama mama wa mtu mwingine. Alipofika mwisho hakuuliza swali lake la kila mwaka. Msichana mmoja wa mbele, Rachelle, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, ule mama ya mwandishi, iko muzima?"

Feza anasema aliinamisha kichwa asimwone mjomba wake uso. Kaka alifunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani.

"Hapana, alikufa," alisema. "Siku ya kumuzika mwandishi hakuonekana. Ni miye niliingia mu kaburi kumupokea."

Kisha akawaambia wafungue ukurasa wa arobaini na mbili.