Mahindi ya Barabara

Harufu ya gunia lililoloa hunifuata hata leo. Ni harufu ya katani, vumbi na mahindi yaliyokaa ghalani mpaka wadudu wakayatoboa. Mwaka ule wa njaa, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi, mahindi hayo yalikuja kwa lori kutoka Makambako, yakashushwa kando ya barabara iendayo Njombe, mwendo wa nyimbo nne za kanisani kutoka nyumbani kwetu. Mvua zilikatika mapema, na machache yaliyobaki shambani sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, iliyaunguza kwa usiku mmoja tu; asubuhi tuliyakuta yamelala meusi. Tukala mizizi na mboga za porini, hadi mboga nazo zikaadimika. Baba alikwenda umanamba kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na habari zake hatukuzipata. Nyumbani tulikuwa mama, mimi binti wa miaka kama tisa, wadogo zangu wawili, na Zakaria, kitoto kichanga kilichozaliwa njaa imeshaingia ndani.

Jumapili moja baada ya ibada, jumbe wetu alisimama nje ya kanisa akatoa amri ya serikali. Mahindi hayatolewi bure. Kila kaya itoe mtu mzima mwenye nguvu, akalime barabara siku nne kwa juma, na kila siku apigiwe alama kwenye kipande, kadi yake ya kazi. Kipande kisipotimia, hakuna mahindi. Kaya isiyo na mwenye nguvu, ya wazee au wagonjwa, itapewa bila kazi, ila karani atapita nyumba hadi nyumba ajionee kwa macho yake. Jumbe alikuwa mtu mwema lakini methali zilimwasha mdomoni, akamalizia, "Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Mama, aliyekuwa amejikongoja mpaka pale na Zakaria mgongoni, akajibu kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia: "Na sisi ni wageni wa nani, hapa kwetu?" Wanawake waliangua kicheko, na jumbe mwenyewe akacheka. Mwaka ule sikumbuki kicheko kingine.

Mke wa jumbe alitufuata nyumbani jioni ile ile. "Mwenzangu, siku ya karani wewe lala," alimwambia mama. "Jifunike blanketi mpaka kidevuni, mtoto ubavuni. Usiinuke hata nyumba ikiwaka moto." Wala haukuwa uongo. Zakaria hakuwa ametimiza hata siku kumi, mama alikuwa bado anatokwa damu, na akisimama ghafla ilibidi ashike nguzo. Alikuwa mgonjwa kweli, ila ugonjwa wake ulihitaji kuonekana. Mama akaahidi atalala. Kwa siku tatu nilikaa mlangoni nikitazama njia, nikidhani kila kofia ni ya karani.

Loo, lakini nani angeweza kumlaza mama yangu mgeni akiwa mlangoni? Karani alipopiga hodi, mama alikuwa amelala kama alivyofundishwa. Nikasikia kitanda kinalia. Akatoka amejifunga kanga mbili, akapiga goti, akaitikia salamu, "Kamwene, baba," akaninong'oneza nilete kigoda. Kisha akakwangua chungu na kumtengea uji, ule uliokuwa wa wadogo zangu wa mchana. Kwetu mgeni hasalimiwi kutoka kitandani, na hatoki mdomo mkavu. Ni afadhali njaa kuliko aibu hiyo. Karani akanywa uji wote akashukuru. Alikuwa kijana mwenye sauti ya upole, na hilo ndilo lililonimaliza. Akanigeukia akaniuliza, akitabasamu, kama mama huyu ana nguvu za kulima.

Jamani, mdomo huponza kichwa! Nilikuwa nimefundishwa tangu sijaota meno kwamba mtoto hamsemi mama yake vibaya mbele ya watu. Tena nilimpenda. Nikasimama wima kama niko mbele ya mwalimu, nikasema, "Mama yangu? Kijiji hiki hakuna mwanamke anayemshinda kulima!" Nilisema kwa fahari, na nilitegemea asifiwe. Karani akaandika. Nilipomtazama mama alikuwa anaangalia chini, mkono umeshika nguzo. Hakunigombeza, siku ile wala siku nyingine yoyote. Bora angenichapa.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa barabarani kabla ukungu haujainuka. Nyapara alipima ngwe kwa fimbo ndefu, kila mtu na yake, na sheria yake ilikuwa moja: anayetoka nje ya ngwe kabla ya filimbi, siku yake haihesabiwi. Mimi nilikaa ng'ambo ya barabara, nimembeba Zakaria, nikimkinga upepo kwa mgongo wangu. Alipoamka kudai ziwa nilimpa kidole. Akakinyonya, akagundua ni uongo, akapiga yowe. Mama alikuwa hatua ishirini kutoka kwetu. Kila kilio kilipopanda, jembe lake lilisimama hewani, na maziwa yalikuwa yakilowesha kanga yake kifuani, nayaona. Nikavuka, nikamshika nyapara shuka. "Baba, mtoto ana njaa." Akanijibu bila ukali, "Kila mtu hapa ana njaa, binti. Rudi ulipokuwa." Wanawake wa ngwe za jirani wakasogea wamlimie mama sehemu yake ili atoke, kama tunavyosaidiana kwenye mgowe, siku ya kulima shamba la mwenzako kwa pamoja. Nyapara akapiga kelele kwamba serikali haikuita mgowe. Kila mtu na mikono yake, la sivyo wote wapoteze siku. Wakarudi kwenye ngwe zao mmoja mmoja, bila kututazama.

Kipande kilijaa. Tulipata mahindi yetu, nami sitasema uongo: yalituokoa. Wadogo zangu wamezeeka leo, wana wajukuu. Lakini juma la tatu kanga ya mama ilianza kubaki kavu, na Zakaria akaacha kulia kwa nguvu, akawa anakoroma tu kama kitoto cha paka. Nilikishukuru kimya kile, Mungu anisamehe, kwa kuwa nyapara alikuwa haniangalii tena. Zakaria alifariki mgongoni mwangu asubuhi moja barabarani, nami sikujua mpaka filimbi ilipolia na mama akaja amefungua kanga tayari kumnyonyesha. Nyapara aliipiga alama ya siku ile, ingawa mama hakumaliza ngwe.

Sina ugomvi na kazi. Sisi Wabena na jembe ni mtu na kivuli chake, na barabara ile tuliyoilima nimeipita mara nyingi kwenda Makambako. Najua pia kwamba mtoto wa miaka tisa haui mtu kwa kumsifu mama yake. Mchungaji ameniambia hivyo, na wanangu pia. Kujua ni kitu kimoja. Mwaka jana serikali ilileta kijijini kwetu mpango wa kaya maskini, watu wanachimba mitaro na kupanda miti, wanalipwa. Tuliitwa mkutanoni, na binti mmoja, afisa, akatusomea masharti kwenye simu yake: siku za kazi, saa za kufika, adhabu ya mtoro. Nilikuwa nasinzia. Kisha akasoma kwamba mama mjamzito na mama anayenyonyesha hatakwenda kazini, na malipo yake atapata vile vile. Akaendelea na sharti jingine. Nikainua fimbo yangu nikamwomba alisome tena lile.

Akasogea karibu, akalisoma upya polepole, kwa sauti kubwa, akidhani masikio ya bibi yameziba. Niliposema "Tena, mwanangu," watu wakaanza kucheka, naye akalisoma mara ya tatu.