Iko Hapo Nyuma, Imefifia Tu

Mama yangu anaumwa, na mwezi uliopita aliniomba kitu kimoja tu: niende Nyakunguru nikampigie picha kaburi la bibi. Yeye alirudi kwao Machochwe zamani, na siku hizi miguu haimbebi. "Nataka nilione kabla sijaenda," alisema, akageukia ukutani. Nikachukua simu, nikachukua na bahasha yenye picha mbili za zamani. Ngoja nikusimulie kwanza hizo picha, rafiki yangu, maana bila hizo utadhani nalilia udongo.

Nilikulia kwa bibi, mama yake baba, pamoja na mama aliyekuwa ameshafiwa na baba. Boma letu lilikuwa chini ya kilima chenye mawe makubwa. Nyumba ya udongo ilikuwa upande mmoja, zizi katikati, na kaburi la babu kando ya nyumba, limezungushiwa mawe meupe. Kazi yangu ilikuwa ndama na ufagio. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi uliochachuka kidogo, na jioni ulikuja ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, na maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu. Huu ugali mweupe wa mjini nakula tu kwa sababu tumbo linadai.

Jirani yetu alikuwa fundi picha. Siku za kawaida alishinda Nyamongo kwenye machimbo ya dhahabu, na Desemba, msimu wa tohara, hata mkewe hakumwona, maana kila ukoo ulimtaka. Juu ya kamera yake kulikuwa na kidude cha kuzungusha chenye vialama: kichwa cha mtu, mlima, mtu anayekimbia, na herufi kadhaa. Yeye alipenda herufi A. Alinieleza mpaka nikakariri. Sikiliza, mura, kijana wangu, hapa mimi nachagua tundu la lenzi, kasi kamera inajitafutia yenyewe. Namba ndogo, tundu kubwa: uso unatoka, nyuma panafifia. Namba kubwa, tundu dogo: unaona kila kitu mpaka mlimani, ila kamera inafumba jicho polepole, kwa hiyo mtu asitikisike.

Wateja wake wengi walitaka nyuma pafifie. Walikuwa wachimbaji waliotoka Shinyanga, Kigoma na wapi sijui, na picha walizituma makwao. Nani anataka mkewe aone maturubai na matope anayolala? Basi fundi akazoea. Kamera ilikaa kwenye namba ndogo mwaka mzima, na wateja walimsifu.

Bibi alikuwa hajawahi kupigwa picha. Siku alipokubali, aliamka mapema akasiliba upya ukuta wa mbele kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, mimi nikikoroga kwa miguu. Chini ya ukuta tukapaka mstari wa majivu. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akasimama mbele ya nyumba, kaburi la babu likiwa kuliani kwake. "Watu wajue nilikaa wapi na nilikaa na nani," alisema.

Picha ilipoletwa, uso wake ulikuwa pale wote, kila kunyanzi, hata ndewe zake ndefu za masikio alizotobolewa usichanani. Nyuma yake palikuwa na rangi ya kahawia tu, kama uji uliomwagika. Fundi alikuwa anajidai kweli kweli: bibi umetoka kama mtu wa Dar. Bibi aliigeuza ile karatasi, akatazama upande wa pili, akairudisha.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Iko hapo nyuma, bibi. Imefifia tu."

"Umenitoa kwangu, mwanangu," bibi akasema. Hakugomba. Ila jioni ile hakugusa ugali.

Fundi aliona aibu, akarudi kurekebisha. Tatizo alikuja jioni akitokea kazini, jua limeshafunikwa na mawingu ya mvua. Akaweka namba kubwa. Kamera nayo, kwa giza lile, ikajitafutia kasi ya kobe. Bibi alikuwa na kikohozi cha siku nyingi. Alijikaza, maskini, nilimwona anavyojikaza, lakini kikamshinda. Katika picha ya pili unaona mstari wa majivu, unaona mawe ya kaburi moja moja, unaona mpaka nyufa za kilima. Pale aliposimama bibi pana kitu kama moshi.

Fundi aliahidi kurudi siku yenye jua. Mvua ilichelewa kwisha mwaka ule, na bibi hakuingoja. Tulimzika kando ya babu. Baadaye baba zangu wadogo wakaingiza wachimbaji kwenye boma, na mama, mjane, nani angemuuliza? Akafunga vitu vyake akaenda.

Sasa nimefika Nyakunguru, bodaboda imenishusha, nimeshika ile picha ya pili nitafute kilima, maana kilima ndicho kingenionyesha kaburi. Kilima hakuna. Ni mashimo ya dhahabu na vifusi, na mashine za kusaga mawe zinanguruma hata husikii unachowaza. Nikamuuliza mchimbaji mmoja, kijana wa Kahama, mpole. Aliitazama picha yangu kwa heshima. "Kaka, mimi nimekuta hivi hivi," akasema. "Sisi tunachimba tulipoonyeshwa."

Nilizunguka mpaka miguu ikauma. Mwisho nikasimama mahali nilipokisia, nikampa yule kijana simu anipige picha, angalau nisirudi mikono mitupu. "Imetoka safi, kaka." Nikaangalia. Mimi nimetoka mpaka ndevu, na nyuma simu imefifisha yenyewe, haikumuuliza mtu. Akataka kurudia ili nyuma paonekane. Nikamwambia aache, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuonekana. Bibi alitaka watu wajue alikaa wapi, na mimi mjukuu wake niliyekoroga ule udongo sipajui.

Nilifika Machochwe kesho yake. Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, akatazama kwa muda mrefu.

"Kaburi liko wapi?"

"Liko hapo nyuma, mama," nikasema. "Limefifia tu."

Akanirudishia simu, akageukia ukutani.