Dada Anakandwa

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, wakati wa likizo, nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango wa sebuleni na hodi ya tatu imeshapigwa.

Mama alikuwa ametoka kutafuta pweza wa supu ya mzazi. Mzazi mwenyewe ni dada yangu, na mtoto ni wa kwanza, kitovu hata hakijadondoka. Dada alikuwa chumbani, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka hospitali alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi, mtoto ubavuni. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na kilio. Si cha mtoto, cha dada. Aliniambia akimsikia mtu mwingine anauliza pua ya mtoto ni ya nani, atambeba mtoto wake wakalale stendi, maana huko angalau watu wana haraka.

Kama unatarajia kujifungua kwa mara ya kwanza, nikwambie jambo ambalo kliniki hawalisemi: mtoto hachoshi kama wageni. Mtoto akishiba analala. Mgeni akishiba anaomba chai nyingine, kisha anaomba mtoto afunuliwe amtazame vizuri. Mmoja atakwambia uji hauna pilipili manga ya kutosha, anayefuata ataonja huo huo aseme unataka kumuunguza mwenzio tumbo. Waitikie wote ndiyo. Ukibisha, wanakaa mpaka alasiri.

Na usijidanganye kwamba utasema "mzazi amelala." Huku kwetu hiyo maana yake ni kwamba yupo. Mgeni atajibu, "Muamshe tu mwanangu, mimi sikai." Halafu anavua viatu.

Kwa hiyo nilikuwa nyuma ya mlango na shida mbili. Ya kwanza, naona haya. Shikamoo yangu haisikiki, watu huitikia marahaba kwa kuona midomo imecheza. Ya pili ni mama mkwe wa dada, anayekaa Makurunge. Yeye alitaka arobaini yote ikaliwe kwake. Dada akaomba abaki kwa mama yake, na mkwe akakubali kwa sharti moja: akisikia mzazi anazidiwa, anakuja kumchukua siku hiyo hiyo. Dada anampenda mkwewe, hilo sina shaka nalo. Ila Makurunge ukoo mzima wa shemeji umepakana ua kwa ua. Huko hata mbuzi wangekuja kumwona mtoto.

Hodi ikapigwa tena. Nikachungulia. Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye akikaa kwenye mkeka, mkeka unabaki na umbo lake. Nikafungua mlango kidogo, nikatazama miguu yake, na neno likanitoka lenyewe.

"Anakandwa."

Asiyejua desturi yetu aelewe kwamba mwanamke akishajifungua hukandwa mwili kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, na akiwa anakandwa hana nguo, ana kelele, na hakuna anayeingia. Ni kazi ndefu, tena nzito. Mama humkanda dada kila alfajiri, kwa hiyo neno langu lilikuwa kweli. Saa tu ndiyo haikuwa yake.

Jirani akasema, "Ah, basi mpeni pole," akageuka. Hakuomba hata maji. Nilibaki nimeshika kitasa kama mtu aliyegundua dawa.

Adhuhuri alikuja shangazi mmoja wa mbali. Anakandwa. Baada ya alasiri, mama akiwa jikoni uani, wakaja wawili waliofuatana. Anakandwa. Dada alilala, akaamka akanyonyesha, akala supu, akalala tena. Jioni alitoka uani akiimba. Mama alishangaa wageni wamepatwa na nini leo, nami nikaendelea kuosha vyombo, kazi ambayo kwa kawaida huwa naikimbia.

Nilichosahau ni kwamba wageni wa asubuhi na wa alasiri wananunua sukari duka moja.

Jumapili mchana bajaji ikasimama mlangoni. Akashuka mama mkwe, na mfuko wa majani ya mwarobaini na mchaichai, na sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea mtoto wa darasa la kwanza. Mama alimpokea, wakaamkiana, wakaulizana hali za watu wote hadi kuku. Kisha mkwe akakaa, akasema amesikia mzazi jana kakandwa asubuhi, adhuhuri na alasiri. Watu wanasema mwili umevimba, nyumba inafichaficha.

"Mnamkanda au mnamchemsha?" akauliza. "Afungashe vitu vyake. Naondoka naye."

Mama hakuelewa neno hata moja. Akaapa kwamba amemkanda alfajiri tu. Mkwe akamtazama kama anayemtazama mwongo. Dada akatokea mlangoni na mtoto, amechana nywele, uso umejaa, na macho yake yakanitafuta mimi moja kwa moja. Alikuwa ameshaelewa. Machozi yakaanza kumlengalenga, na nikajua nisiposema mimi, jioni anapanda bajaji.

"Hakandwi, mama," nikasema. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza mkwe kuisikia sauti yangu. "Analala. Mimi ndiye ninayesema anakandwa."

Mama akafunika uso kwa ncha ya kanga. Mkwe akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema hakuna. Akamgeukia dada, akamtazama mashavu, akamfunua mtoto, akamfunika.

"Mimi, kwa mtoto wangu wa kwanza, nilisinzia na bakuli la uji mkononi," akasema taratibu. "Likamwagikia wifi yangu mapajani. Mpaka leo anadhani nilikusudia." Akafikiri kidogo. "Nilikusudia."

Hapo hodi ikapigwa. Jirani wa mkeka. Sote tukatazamana. Mkwe akainuka, akaufunga mlango wa chumba nyuma ya dada, akaenda kujibu mwenyewe.

"Anakandwa."

"Hata sasa?" jirani akauliza.

"Mimi nimetoka Makurunge kwa kazi gani?"

Jirani akaondoka. Mkwe akarudi, akanivuta uani, akanionyesha jiko lililopoa.

"Uongo wako hauna moshi," akaniambia. "Mtu anakandwa, jiko limelala, ua haunuki jani. Ndiyo maana umeshikwa."

Habari za kufungasha hazikutajwa tena. Jioni aliondoka peke yake. Mfuko wa majani aliuacha, na sufuria pia.

Jumatatu asubuhi mama alipotoka, niliwasha mkaa, nikateleka ile sufuria kubwa, nikatia mwarobaini na mchaichai mpaka harufu ikafika barabarani. Ndani dada alikuwa anakoroma. Hodi ya kwanza ilipopigwa nilisema karibu, kwa sauti, kisha nikaenda kufunua sufuria, mvuke umjibu mgeni kabla yangu.