Kikombe cha Yaya

Jana, katika duka moja la mtaa wa Ruwi, hapa Uarabuni, nilishika kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, nikakirudisha rafuni kwa hasira.

Kingine kama hicho kilikaa nyumbani kwetu Sib, chini ya sinki, karibu na sabuni. Kilikuwa cha yaya wetu, Mwafrika mweusi kutoka bara. Vikombe vyetu vya kabatini aliviosha yeye, lakini hakuruhusiwa kuvinywea.

Baba alikuwa mwanasheria. Alasiri moja aliwaeleza wageni jinsi Wamarekani weusi walivyokatazwa kunywa maji kwenye bomba moja na weupe, wakaandamana, wakapigwa, mpaka ikatungwa sheria ya kupiga marufuku ubaguzi ule. Sauti yake ilitetemeka kwa uchungu. Yaya alikuwa akipitisha kahawa.

Nilikuwa na miaka minane. Nikauliza, "Baba, na kikombe cha yaya?"

Wageni wakainamia finjani zao. Baba akanivuta mkono hadi jikoni, akamwita yaya.

"Unamtia nini mtoto huyu kichwani?"

"Sijamwambia kitu, bwana. Wallahi."

"Kayasema mwenyewe tu?"

"Nimesema mwenyewe!" nililia. Hakunisikiliza.

Wiki ile ile yaya alirudishwa kwao. Alinikumbatia mlangoni haraka haraka, mikono yake ikinuka vitunguu, asinilaumu hata kwa neno moja.

Mwezi uliofuata akaja yaya mwingine. Baba mwenyewe ndiye aliyekwenda sokoni kumnunulia kikombe chake.