Jua Nililoliomba Mwenyewe

Sifa zote ni kwa Mungu aliyepanda bustani kwanza ndipo akamuumba mtu wa kuivuruga, na aliyenijalia uzee, meno machache na mke mvumilivu. Namshukuru hata kwa aibu, maana naamini nayo ni neema, ingawa siku ile sikuiona hivyo. Ninyi wenzangu wa kanisani mnaonitazama kila Jumapili huku mkiuma midomo, ngojeni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu nimesikia mnavyoisimulia na chumvi imezidi.

Naishi mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, katika ploti ya kupangisha ya ghorofa tano ambayo uwanja wake ni mmoja tu, mdogo, na tangu tuhamie hapo ulikuwa wa kamba za kuanika nguo. Mimi ndiye mwenyekiti wa wapangaji. Mwenye ploti alikuwa ametuambia anataka kujenga vibanda vya mabati palepale, nasi tukaona tukiupoteza uwanja huo tumepoteza mahali pekee ambapo jua hutufikia. Basi kanisa likanituma kwenye semina mjini, na huko mama mmoja mtaalamu, mpole sana, akatufundisha kwamba mtu anayeishi katikati ya saruji akiona majani mabichi kila siku moyo wake hutulia. Nilirudi na cheti (nimekitundika karibu na kalenda) na hekima nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu. Mama yule aliahidi kuja kuona tutakachopanda, na mwenye ploti akakubali kuja siku hiyohiyo.

"Mzee," akaniambia, "nikiona watu wanaufaidi huu uwanja, nitawaachia. Nisipoona, Jumatatu naleta mabati."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nilikata kamba. Zote. Nilijiambia hakuna moyo utakaotulia ukitazama shuka za majirani. Tukapanda mimea kwenye chupa za plastiki, tukazifunga kwenye fito mpaka ukuta mzima ukawa kijani, tukapanda maua ndani ya matairi tuliyoyapaka rangi, na kwa mkono wangu nikaandika kibao: BUSTANI YA UTULIVU. USIGUSE. USIKETI. USIANIKE. (Kwenye semina sikumbuki kusikia kwamba watu wanaweza kukaa bustanini, lakini pia baada ya chakula cha mchana nilisinzia kidogo.)

Ilikuwa Julai, na Nairobi ya Julai mnaijua, mawingu na manyunyu tu. Nguo zikaanikwa ndani, juu ya milango, juu ya viti, juu ya televisheni, na shuka ikawa inanidondokea kichwani nikisoma Neno. Mke wangu, Mama Nekesa, akaniuliza kwa upole, "Baba Nekesa, na hizi nguo zitakauka lini?"

Nikamjibu, "Mama, tafakari majani."

Hakutafakari. Alinitazama tu, vile anavyotazama unga ulioingia wadudu.

Jumamosi wageni wakafika. Wapangaji walijaa uwanjani, wengine wakachungulia kutoka korido za juu. Mbingu ilikuwa imenuna, na ukuta wetu wa kijani ukaonekana umenuna nayo. Nikaombwa nifungue kwa sala fupi. Ndugu zangu, mnanijua. Nilianzia Edeni, nikapitia gharika, nikawaombea wagonjwa na viongozi, nikaomba kiwanda cha jirani kipunguze moshi, kisha nikainua mikono na kupaza sauti: "Baba, fungua mawingu! Angaza jua lako juu ya bustani hii, wageni wauone utukufu wako!"

Na Mungu, ambaye kwa kawaida hunijibu kwa kunisubirisha, siku hiyo alijibu papo hapo. Nilihisi joto kwenye upara. Nikafurahi mno, nikaanza sala nyingine ya shukrani, macho nimeyafumba kabisa, nikasikia nyayo zikienda mbio, ndoo zikigongana, kitu kikikung'utwa, na mimi nikadhani ni uamsho.

Niliposema amina na kufumbua macho, ukuta wa kijani haukuwepo. Palikuwa na shuka, nepi, ovaroli za kiwandani, sare za shule, na soksi kwenye kila chupa. Mama wa Nairobi akiona jua la Julai haulizi limeombwa na nani.

Karibu na kibao, juu kidogo ya kichwa cha mwenye ploti, ilining'inia suruali ndefu ya ndani, ya sufu, iliyochoka, yenye kiraka kikubwa matakoni. Ningecheka, yangeisha. Badala yake nikakunja uso wa mwenyekiti.

"Nani mwenye kitu hiki? Nani huyu asiye na haya mbele ya wageni na mbele za Mungu? Ajitokeze!"

Nikakinyakua, nikakiinua juu, nikakizungusha ili hata wa ghorofa ya tano wakione. "Ajitokeze, au nitaondoka nacho!"

"Utaondoka nacho tu, Mzee," akasema Mama Akinyi, jirani yetu, "upende usipende."

Sauti ya kijana ikatoka korido ya juu: "Buda, cheki hiyo kiraka! Si ni pazia ya kwenu?"

Watu wote wakageukia dirisha langu, nami nikageuka. Pazia letu la maua mekundu lilikuwa likipepea, kona moja imekatwa. Mkononi mwangu, maua yaleyale.

"Ishushe, Baba Nekesa," mke wangu akasema, "inakudondokea." Kisha akamgeukia mtaalamu. "Mama, tunayapenda haya majani. Lakini tangu kamba zikatwe watoto wanalala kwenye unyevu, wa Mama Akinyi anakohoa. Huu utulivu ni wa nani?"

Mwenye ploti alikuwa ameketi juu ya tairi, penye marufuku, akifuta machozi ya kicheko. "Mabati sileti," akasema. "Niliambiwa nitaona bustani, nimeona watu. Lakini Mzee, rudisha kamba."

Mtaalamu akatuonyesha namna ya kusimamisha nguzo, mipasheni ipande juu yake na kamba zipite katikati. Kamba ya kwanza niliifunga mwenyewe, na nguo ya kwanza kuanikwa mnajua ilikuwa ya nani, maana nilijaribu kuificha mfukoni, haikuingia.

Siku hizi mimi huketi pale chini ya mipasheni, kati ya shuka za majirani, na moyo hutulia kweli. Nimeapa sitaondoa kitu cha watu kabla ya kumuuliza anayekitumia, na sala ya kufungua naifanya fupi, jicho moja wazi.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akupe kivuli siku ya joto, jua siku ya kufua, na mtu nyumbani mwako wa kukuambia ukweli bila kukuchoka. Amina.