Vijitofali Nilivyomnunulia Rehema

Jamani, hili jambo nimekaa nalo toka mwaka jana, na mtu pekee ninayeweza kulizungumza naye ni mke wangu, na hata yeye kuna siku tukilifikia ananitazama tu halafu anageuka kuendelea kukuna nazi. Kwa hiyo nikiwasimulia msikimbilie kucheka. Kuna mahali mtataka kucheka na mimi mwenyewe nitawaruhusu, ila mkifika mbele mtatamani mngekaa kimya.

Mimi, kwa asiyenijua, nafyatua tofali. Nina eneo langu Kihonda, mashine mbili, vijana wa kazi, na jina. Mteja akija na tofali za mtu mwingine nazigonganisha mbili, nasikiliza mlio, naidondosha moja usawa wa goti, halafu namwambia ukweli wake hata kama unamuuma. Nimewahi kumwambia mwalimu mmoja mstaafu kwamba nyumba yake ameijenga kwa biskuti (mzee wa watu hakunisalimia mwaka mzima). Ndivyo nilivyo, mdomo uko mbele, na kwa habari za tofali nilijiona hakuna wa kunifundisha.

Dada yangu Zuhura alifariki mwaka mmoja kabla ya siku ninayoisimulia. Aliugua miezi minne tu. Alimwacha mumewe, mtu wa Kigoma anayefundisha chuo na kukaa Mzumbe, na binti yao mmoja, Rehema, wakati huo miaka minane. Sasa kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake na mjomba ndiye mwenye kauli juu yake, ndiye anayesimama mbele za watu na kusema huyu ni wetu. Kwao shemeji mtoto ni wa baba, na simlaumu, ndivyo alivyokuzwa. Tuliishi vizuri tu mpaka shemeji alipopata kazi Dodoma, na mama yangu akaanza kulia kabla hata mizigo haijafungwa, kwamba mtoto akienda huko ndio basi, hatutamwona tena, na yeye Zuhura mwingine hana.

Tukakubaliana jambo lizungumzwe siku ya hitima ya mwaka, nyumbani kwa mama, Mkuyuni. Shemeji, ambaye ni muungwana kuliko mimi, alinipigia akasema, "Shemeji, mimi sina neno. Wazee wamuulize mtoto mwenyewe. Akitaka likizo zote awe kwenu, nitakuwa namleta kwa mkono wangu."

Kwa hiyo mnaona mambo yalivyokuwa. Neno lote lilikuwa kinywani mwa Rehema, na mama alishaniambia, "Shabani, wewe ndiye mjomba. Mfanye mtoto atupende."

Wiki mbili kabla ya hitima Rehema akanipigia kwa simu ya baba yake. Shikamoo mjomba, marahaba mama, hujambo, sijambo. Akaniambia yeye na mama yake walikuwa wanajenga nyumba kwa vile vijitofali vya plastiki vya kuunganisha, boksi ambalo rafiki wa baba yake alilileta kutoka nje. Kuta zilikwisha, na mama aliahidi kwamba zikiisha atanunua boksi la pili wajenge paa. Ndipo ugonjwa ukamzidi. Nyumba ilikuwa bado iko juu ya ubao wake, juu ya kabati, na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Akaniomba mimi nimnunulie lile boksi la paa.

"Ila mjomba," akasema, "viwe vyenyewe vile. Vile vingine havishiki."

Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe mtoto, unamfundisha nani habari za tofali?"

Akacheka na yeye, na nilifurahi sana, kwa sababu tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

Nikaenda mjini, duka moja la vitu vya watoto, zuri, lina kiyoyozi. Dada wa pale akanitolea boksi lenyewe, nikalipindua, nikaona bei, nikauliza kama wameongeza sifuri kwa bahati mbaya. Mimi kila kitu nakipima kwa mifuko ya saruji (mke wangu hata gauni la harusi ya mdogo wake nililipima hivyo), na lile boksi dogo, ambalo ningelibeba kwapani, lilikuwa saruji ya kufyatulia tofali za chumba na choo chake. Dada akanieleza kwa upole kwamba vya kiwanda hiki vinaingiliana vyote, hata ukinunua boksi leo na lingine baada ya miaka kumi, vinashikana. Nikamwambia plastiki ni plastiki, dada yangu, msituone washamba. Nikatoka kifua mbele, nikiwa nimewashinda wezi.

Msamvu, karibu na stendi, kuna mtu anauza vitu chini kwenye turubai. Alikuwa na vijitofali, rangi zilezile, umbo lilelile, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Lakini mimi si mtu wa kuuziwa hivihivi. Nikachuchumaa, nikachukua viwili, nikavigonganisha sikioni. Nikavidondosha usawa wa goti. Havikupasuka. Nikasimama kwenye kimoja kwa kisigino, kilo zangu zote tisini na mbili. Kizima!

Muuzaji akaniuliza, "Mzee, unamnunulia mtoto au unamwaga msingi?"

Watu wakacheka na mimi nikacheka, nikalipa. Nilivipima uimara tu. Kukijaribu kimoja juu ya mwenzake, kuona kama kinakamata, hilo halikunijia kabisa, kwa sababu tofali yangu mimi haina haja ya kumkamata mwenzake, kazi hiyo inafanywa na udongo wa saruji. Boksi lake lilikuwa la hovyo, likatupwa, nikavitia kwenye boksi safi la viatu, nikalifunga kwa karatasi ya zawadi yenye utepe. Na kwa fedha iliyobaki (hapa ndipo mke wangu anapoendelea kukuna nazi) nikajinunulia kanzu mpya, kwa sababu mjomba hawezi kusimama mbele za watu na kanzu imefubaa kola.

Siku ya hitima tulijaa. Shemeji alifika na Rehema saa nne, na yule mtoto alishuka kwenye gari amekumbatia ubao, na juu ya ubao kitu kimefunikwa kwa kanga ya mama yake. Baba yake akaniambia njia nzima kutoka Mzumbe aliupakata, na kwenye yale makorongo ya barabara ya mlimani alikuwa ananyanyua miguu ili nyumba isitikisike. Kisomo kikasomwa, dua ikaombwa, pilau ikaliwa, wazee wakajikusanya kwenye mkeka ukumbini, na katikati yao mjomba wetu sisi, mzee Salumu, ndiye aliyekuwa aulize lile swali.

Ningesubiri. Ningemwita mtoto pembeni nikampa boksi lake chumbani, wawili tu. Lakini kanzu ilikuwa mpya. Nikasimama nikaomba nafasi kwa wazee, nikasema Zuhura aliacha jengo, na jengo la dada halimaliziwi na mgeni, litamaliziwa na kaka yake, leo, hapahapa, mbele yenu. Mama yangu akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Wanawake mlangoni wakapiga kigelegele, ingawa hitima si mahali pake, na mzee Salumu akawakazia macho.

Rehema akauweka ubao katikati ya mkeka, akaifunua ile kanga. Jamani, sikutegemea. Ilikuwa nyumba hasa, ina baraza, ina madirisha manne, na ukuta wa nyuma ulikuwa na ua la vijitofali vyekundu ambalo nilijua palepale ni mkono wa Zuhura, kwa sababu tangu mdogo akichora chochote lazima aweke ua. Akafungua boksi langu. Akachukua kijitofali kimoja, akakigeuza akakitazama upande wa chini, akachukua cha pili, akavipachika kimyakimya magotini mwake, vikaachana. Akavirudisha. Alijua. Alijua kabla yangu.

Akanisogelea sikioni akasema, "Mjomba, tutajenga baadaye, tukiwa peke yetu."

Mtoto wa miaka tisa ananifichia aibu yangu, na mimi sikuelewa, nikadhani anaona haya kwa watu.

"Sasa hivi," nikasema kwa sauti ya mkutano. "Babu zako wanangoja."

Akanitazama. "Mjomba, hivi ndivyo vyenyewe?"

Hapo mlango ulikuwa bado wazi. Ningesema hapana mama, nimekosea, mjomba wako bahili, nitakuletea vingine, watu wangecheka na mambo yangeisha. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, ya shemeji yakiwemo.

"Ndivyo vyenyewe," nikasema.

Akasogea pembeni kunipisha, akaikunja kanga ya mama yake mapajani.

Nikapiga magoti na kanzu yangu nikaanza. Cha kwanza kilikaa, ila kinacheza kama jino la mtoto. Cha pili kikanyanyuka upande. Nikakandamiza. Cha tatu kilikuwa kinene kidogo kuliko kinavyotakiwa, kikagoma kabisa, na jasho likaanza kunishuka, na mzee mmoja nyuma akasema, "Fundi, au mpaka uletewe pimamaji?" wakacheka. Ndipo mkono ukafanya unachokijua. Ninyi mnajua tofali ikigoma kukaa kwenye mstari fundi anafanyaje. Anaigonga. Nikainua kiganja nikagonga.

Ule ukuta wenye ua uliachia kutoka juu hadi chini. Nikajaribu kuushika kwa mkono wa pili, kiwiko kikapiga baraza, na mikono yangu hii ya kubebea mashine ikamaliza kilichobaki, ubao ukainuka, kuta zote zikamwagika mkekani pamoja na vya kwangu nilivyokwisha kupanga na boksi zima lililopinduka. Kimoja kilibiringika mpaka kwenye sinia la pilau. Rangi zilezile, umbo lilelile, vyote vimechanganyika.

Watu walicheka, nisiwadanganye, na hawakuwa na ubaya, waliona mtu mzima kapigwa chenga na mchezo wa watoto. Mzee Salumu mwenyewe akasema, "Haya basi, vya kuchezea hivyo, mtajenga tena."

Rehema hakulia. Bora angelia. Alipiga magoti akaanza kuokota, anachukua viwili anavipachika, vikishikana anaviweka kwenye kanga, visiposhikana anaviweka upande wangu. Anafanya hivyo bila haraka, na vicheko vikaanza kufa kimoja kimoja mpaka ukumbi mzima tukawa tunasikia ile milio midogo ya plastiki tu. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Usiguse," akasema. Halafu, bila kuniangalia, "Ule ukuta wa ua mama aliujenga siku ya mwisho aliyoweza kutoka kitandani. Mimi nilikuwa nampa tu."

Mama yangu alitoka nje. Shemeji alishuka kutoka kwenye kiti akakaa chini na mwanawe wakaokota wote wawili. Nilibaki nimesimama na ile kanzu, sijui mikono niiweke wapi.

Swali liliulizwa, kwa sababu lilipangwa kuulizwa. Mzee Salumu alilainisha sauti akasema, mjukuu wangu, likizo zikifika utapenda uje kukaa huku kwetu, kwa bibi na mjomba wako?

"Bibi nampenda," Rehema akajibu. "Lakini nitakaa na baba."

Hakuna aliyemshawishi. Waliondoka kabla ya alasiri na lile furushi la kanga. Mama aliwasindikiza mpaka gari lilipokata kona, akarudi akapita mbele yangu akaingia chumbani, na mpaka leo akitaka kunituma kitu anamtuma mke wangu.

Jumatatu yake nilirudi kwenye lile duka lenye kiyoyozi, nikanunua maboksi mawili, la kuta na la paa, bila kuuliza bei, nikayapakia kwenye basi la Dodoma, maana walihamia huko kesho yake baada ya hitima. Siku ya tatu nikapiga simu.

"Shikamoo mjomba. Asante, yamefika," akasema, kwa adabu, kama anavyomjibu mwalimu.

"Umeanza kujenga, mama?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Sikumbuki ua lilianzia wapi. Baba ana picha moja tu, na mama ameliziba kwa mkono."

Nikamwambia msalimie baba. Akasema haya mjomba, akaniachia simu niikate mimi mwenyewe, kwa sababu amefundishwa kwamba mkubwa ndiye anayekata.

Watu wananiuliza, mimi fundi, kama vile vitu vina thamani ya bei yake. Sijibu tena kwa mdomo wangu ule wa zamani. Nawaambia nendeni na mtoto mwenyewe dukani, mumsikilize. Na nimeapa, siku mtoto mwingine akiniuliza swali la kweli mbele za watu, nitamjibu kweli, hata kama ukumbi mzima utanicheka mpaka jua lizame.